Kijana wa chuo anapopungua uzito: "Nasahau tu kula, mama"

Amerudi likizo. Unampokea stendi, unamkumbatia, na mikono yako inagusa mifupa ya mabega ambayo alipoondoka haikuwa ikishikika. Mkanda wa suruali umetobolewa tundu jipya. Unamuuliza kama anakula, naye anajibu huku anacheka: "Nakula mama, ila masomo ni mengi. Nikianza kusoma nasahau tu."

Jibu hilo linaweza kuwa kweli tupu. Linaweza pia kuwa nusu ya ukweli, na nusu nyingine ni kwamba hana hela, au ana huzuni asiyoweza kuitaja, au anaumwa na mwenyewe hajui. Mzazi au mlezi ndiye mara nyingi wa kwanza kuona tofauti, kwa sababu wanaoishi naye hosteli wanamwona kila siku na hawatambui anavyopungua kidogo kidogo.

Amepungua kiasi gani?

Uzito wa mtu hupanda na kushuka kilo moja hivi kutokana na maji, chakula kilichomo tumboni, au siku za hedhi. Hiyo isikutishe. Wahudumu wa afya huanza kutafuta sababu pale mtu anapopoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia. Kwa aliyekuwa na kilo 60, hizo ni kilo 3. Akipoteza asilimia 10, yaani kilo 6, jambo hilo ni zito hata kama anaonekana mchangamfu.

Tatizo ni kwamba wengi wetu hatujui uzito wake wa mwanzo. Tafuta kumbukumbu: fomu ya uchunguzi wa afya aliyojaza kabla ya kujiunga na chuo, daftari la zahanati, au picha ya mwaka jana akiwa amevaa nguo ileile. Kisha mpime leo na uandike tarehe. Mizani ya duka la dawa inatosha, na hata ile ya kando ya barabara inayopima urefu na uzito inatosha kwa kuanzia, mradi urudi kwenye mizani ileile, akiwa amevaa nguo nyepesi na bila viatu. Ukibadilisha mizani kila mara utakuwa unalinganisha mizani, si mwili wa mtoto.

Kwa aliyekwisha kuwa mtu mzima, kuna hesabu nyingine ya haraka: gawa uzito wake kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Binti mwenye urefu wa mita 1.65 na kilo 50 anapata kama 18.4, na chini ya 18.5 huhesabiwa kuwa uzito pungufu. Lakini usiitegemee hesabu hii peke yake. Kijana aliyekuwa mnene akapoteza kilo 10 kwa miezi minne bado atapata namba nzuri, na huenda hata watu wanampongeza kwa kupendeza, wakati mwili wake una shida.

Mtu anasahauje kula?

Wazazi wengi hawaamini. "Njaa haisahauliki," wanasema. Inasahaulika, na mwili wenyewe husaidia kuisahau. Tumbo hutoa homoni iitwayo grelini, ambayo hupanda karibu na saa ambazo mtu amezoea kula. Ndiyo maana aliyezoea kula saa saba mchana huanza kusikia njaa saa saba kasoro. Asipokula, homoni hiyo hushuka tena yenyewe baada ya muda. Njaa aliyoipuuza kwa sababu kipindi kilikuwa kinaendelea haipo tena saa tisa, naye anadhani hakuwa na njaa ya kweli. Akiruka mlo wa saa hiyo kila siku, baada ya majuma kadhaa mwili unaacha kumkumbusha.

Juu ya hapo ongeza hofu ya mitihani. Mtu mwenye wasiwasi mwingi mwili wake hujiweka tayari kwa hatari, moyo unakwenda mbio, na hamu ya chakula inapungua. Ongeza kahawa au vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyonywewa usiku ili kukesha. Sukari na kafeini yake humpa mtu hisia kwamba ameshiba, wakati hakuna alichokula. Sigara nayo hukata hamu ya chakula, na mirungi, au miraa kama wanavyoiita Kenya, hukata zaidi. Wapo wanafunzi wanaoitafuna ili wasome usiku kucha. Ukimuuliza, muulize bila kufoka, maana ukifoka hutaambiwa.

Tuchukue mfano wa siku moja ya binti wa mwaka wa pili. Asubuhi hakula, alichelewa kuamka. Saa nne alikunywa chai ya rangi na andazi moja. Mchana alikunywa soda. Usiku saa tatu alinunua sahani ya chipsi mayai, akala, akashiba, akalala. Ukimuuliza kama amekula atasema ndiyo, tena alishiba kabisa. Kwa makadirio, vyote hivyo havizidi sana kalori 1,200, na binti wa umri wake anayetembea kutwa kati ya hosteli na madarasa anahitaji kama 2,000 au zaidi. Mvulana anahitaji zaidi ya hapo. Pengo la kalori 500 tu kwa siku linaweza kuondoa karibu nusu kilo kwa wiki hapo mwanzo. Muhula mmoja unatosha kabisa kumfanya mtu atoboe mkanda.

Kwa hiyo usimuulize "Unakula?" Muulize hivi: "Hebu niambie, jana ulikula nini toka ulipoamka mpaka ulipolala?" Wataalamu wa lishe hutumia swali hilohilo. Muulize kwa siku mbili tatu tofauti, ikiwemo siku moja ya wiki yenye vipindi vingi. Utapata picha ambayo neno "nakula" halikupi.

"Nasahau" inayoficha "sina"

Hapa tuseme wazi, kwa sababu ndipo wazazi wengi tunapopotea. Kijana mwenye heshima hapendi kumwambia mama yake kwamba hana hela ya kula. Anajua nyumbani kuna wadogo zake, anajua ada ilitafutwa kwa shida. Kusema "nasahau" ni rahisi zaidi, na hakumtii mtu simanzi.

Anayepata mkopo wa serikali Tanzania hupokea hela ya chakula na malazi kwa awamu, ile ambayo wanafunzi wenyewe huiita bumu. Ikiingia, wiki mbili za kwanza ni wali na kuku. Zikibaki wiki za mwisho kabla ya awamu nyingine, ni mlo mmoja kwa siku, au uji, au kulala mapema ili njaa isisumbue. Ukiona anapungua na kurudi, anapungua na kurudi, linganisha na tarehe za hela. Kwa asiye na mkopo hali hiyo inaweza kudumu muhula mzima.

Na kuna jambo ambalo linauma kulisema. Baadhi ya vijana hutuma sehemu ya hela hiyo nyumbani. Mzazi amepiga simu, mdogo wake amefukuzwa shule kwa ajili ya mchango, bibi anaumwa, na mtoto wa kwanza anatuma elfu ishirini, elfu thelathini. Hakuna aliyekusudia kumnyima chakula. Lakini kama umewahi kupokea hela kutoka kwa mwanao aliye chuoni, rudi ukamuulize ilitoka kwenye fungu gani. Mwambie mwenyewe kwamba hela ya chakula haitumwi nyumbani. Yeye hawezi kulianza jambo hilo, wewe unaweza.

Wapo wazazi wanaoona ni salama zaidi kumlipa mama lishe wa jirani na chuo moja kwa moja kwa simu, wiki kwa wiki au mwezi kwa mwezi, na kijana anakwenda kula tu. Mahali ambapo mama lishe ni mwaminifu, njia hii hufanya kazi vizuri sana. Sahani ya wali maharage iliyokwisha kulipiwa haigeuki kuwa vocha ya simu. Na mama lishe ataona siku mbili zikipita bila kijana kutokea.

Maradhi yanayojificha nyuma ya masomo

Hata kama umeshapata maelezo yanayoridhisha, usiyaache maradhi nje ya hesabu. Kuna moja ambalo mwanafunzi yuko karibu nalo kuliko anavyodhani, nalo ni kifua kikuu. Huenea kwa hewa, na chumba cha hosteli chenye vitanda vya juu na chini na madirisha yaliyofungwa ni mahali pake. Muulize maswali manne: unakohoa? unapata homa za jioni? unatoka jasho usiku mpaka shuka inalowa? umepungua uzito? Aliyekohoa wiki mbili au zaidi apimwe makohozi bila kusubiri likizo iishe. Hata jibu moja la "ndiyo" kwa mtu anayepungua bila sababu linatosha kumpeleka. Tanzania, matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya serikali hayalipiwi, na yanaponya.

La pili ni kisukari cha aina ya kwanza, kile kinachowapata watoto na vijana. Watu wengi bado wanadhani kisukari ni ugonjwa wa wazee wanene. Huyu kijana anakula, pengine hata sana, lakini anakonda. Anakunywa maji kupita kiasi, anaamka usiku kukojoa mara kadhaa, macho yanaona ukungu. Kipimo ni tone la damu la kidoleni na majibu hutoka papo hapo. Akianza kutapika, kuumwa tumbo, kuhema kwa nguvu, au pumzi yake ikanukia kama matunda yaliyoiva, hiyo ni dharura. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi nayo hukondesha mtu anayekula vizuri. Mikono inatetemeka, moyo unadunda hata akiwa amekaa, anasikia joto wakati wengine wamejifunika. Virusi vya Ukimwi vivyo hivyo viwekwe kwenye orodha ya vipimo, na visiwekwe kwa lawama. Mwambie tu kwamba yeyote anayepungua hupimwa. Kwa binti ambaye hedhi imekoma, kipimo cha mimba huja kwanza. Kama si mimba na hedhi imekosekana miezi mitatu, huenda mwili umeizima kwa sababu chakula hakitoshi, na hilo linahitaji daktari.

Minyoo? Inaweza kupunguza hamu ya kula na kumaliza damu. Lakini tumezoea kumpa mtoto aliyekonda dawa ya minyoo, tukamaliza, tukangoja miezi miwili. Mpe, hakuna ubaya, ila usiifanye kuwa jibu la kila kitu.

Jambo moja la kurekebisha hapa, maana linasemwa kila nyumba: kwamba kukaa na njaa kunaleta vidonda vya tumbo. Sababu kubwa mbili za vidonda ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori na matumizi ya dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua bakteria huyo na kuonyesha kazi yake. Njaa inaweza kuzidisha maumivu ya kidonda kilichopo. Kwa hiyo kijana anayekwepa chakula kwa sababu tumbo linauma, na kila siku anameza vidonge vya kichwa kwa ajili ya kukesha, aache hivyo vidonge na apimwe. Choo cheusi kama lami au kutapika damu ni hospitali mara moja.

Huzuni, na woga wa kunenepa

Mtu mwenye sonona anaweza kukaa mbele ya sahani ya chakula alichokipenda tangu utotoni na asione ladha yoyote. Tofauti na aliyebanwa na masomo ni kwamba hata masomo yenyewe hayafanyi. Analala sana au halali, hapokei simu, mambo aliyokuwa anayafurahia hayamvutii tena. Ikipita wiki mbili hivyo, atafutiwe msaada. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi chuoni ni mahali pa kuanzia, na daktari wa kawaida pia anaweza kumsikiliza. Akisema neno lolote la kutaka kufa, usimwache peke yake na usilipuuze kama maneno ya hasira.

Wapo pia wanaojinyima kwa makusudi, halafu wakasema wamesahau. Anakwenda chooni kila akimaliza kula, anakasirika akihimizwa, anaficha mwili kwa nguo pana, anafanya mazoezi hata akiwa hoi, na kila siku anajiona mnene. Hayo ni maradhi ya akili yanayohusu ulaji, yanawapata wasichana na wavulana pia, na si ya Wazungu peke yao. Kumlazimisha tonge hakusaidii.

Kumrudisha kwenye chakula

Ikiwa ameshapimwa na hana ugonjwa, au ikiwa ni wazi kwamba alikuwa anaruka milo tu, kazi inabaki kuwa ya saa na vitu vidogo. Hamu ya kula iliyozimwa hairudi kwa kusubiriwa. Ale kwa saa, njaa ije au isije, na baada ya wiki mbili tatu mwili utaanza tena kumkumbusha. Mlo wa kwanza usipite saa moja baada ya kuamka, hata kama ni ndizi mbili na kikombe cha maziwa. Aweke kengele kwenye simu saa saba mchana, ile ile simu inayomkesha.

Usimjazie sahani kama mlima. Tumbo lililozoea kidogo litakataa, naye atakata tamaa. Ongeza nguvu ndani ya chakula kilekile: kijiko cha karanga zilizosagwa kwenye uji, parachichi pembeni ya wali, tui la nazi kwenye maharage, yai kwenye mkate. Chai ya rangi igeuke chai ya maziwa. Konzi moja ya karanga ina kalori kama 170, yai la kuchemsha kama 75, kikombe cha maziwa yasiyoondolewa mafuta kama 150. Ukijumlisha hivyo vitatu umepata karibu 400 kwa siku, na hicho ni kiasi kinachoweza kurudisha uzito polepole. Robo hadi nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri.

Anaporudi chuoni, mfungie vitu visivyohitaji kupikwa, maana hosteli nyingi haziruhusu jiko: karanga za kukaanga, korosho kama zipo, tende, siagi ya karanga, maziwa ya unga. Unga wa lishe wenye nafaka kumi hauna ajabu yoyote. Ulezi au mahindi na karanga kidogo vinatosha, tena ni rahisi kuuhifadhi usiharibike.

Dawa za kunenepesha usinunue. Nyingi zinazouzwa mitaani na mitandaoni bila maelezo ya daktari zina steroidi kama deksamethazoni. Zinavimbisha mashavu na kumpa mtu hamu kali ya kula, ndugu wanashangilia, huku shinikizo la damu na sukari vikipanda na kinga ya mwili ikishuka. Kuziacha ghafla baada ya kuzitumia muda mrefu nako ni hatari. Kama tayari anazitumia, mpeleke kwa daktari pamoja na kopo lenyewe.

Na tahadhari moja ya mwisho kuhusu chakula: kijana ambaye hajala karibu chochote kwa siku tano au zaidi, au aliyekonda kupita kiasi, asianzishiwe milo mikubwa nyumbani. Chakula kingi cha ghafla huvuruga chumvi na madini katika damu yake na kinaweza kuathiri moyo. Huyo aanzie hospitali.

Siku ya kwenda kituo cha afya

Ukifuata saa za kula kwa wiki tatu nyumbani, naye anakula kweli mbele ya macho yako, na mizani haipandi, nenda. Nenda mapema zaidi ukiona dalili yoyote kati ya zilizotajwa juu, au akizimia, au akishindwa kupanda ngazi alizokuwa anazipanda.

Beba karatasi yenye uzito wake na tarehe, orodha ya alichokula siku tatu zilizopita, na dawa zote anazomeza. Kwa kawaida ataulizwa maswali, atapimwa sukari, damu, virusi vya Ukimwi, mkojo na choo, na makohozi au picha ya kifua ikibidi. Kisha mpe nafasi ya kuzungumza na mhudumu peke yake, wewe ukisubiri nje. Kuna majibu ambayo hatayatoa ukiwa umekaa pembeni yake, na pengine ndiyo yanayohitajika.

Akirudi chuoni, mkubaliane siku ya kupima uzito, mara moja kila wiki mbili, akutumie namba kwa ujumbe mfupi. Namba tu, bila maelezo. Ikishuka mara mbili mfululizo, mpigie simu uanze na lile swali la jana alikula nini.